Jibu: Modemu inaita tu, seva ya Windows 2000 haipokei

Mkuu, umesema ukipiga kwa kompyuta kutoka nyumbani ili uingie kwenye seva kupitia modemu yake (kifaa kinachounganisha kompyuta na laini ya simu), simu inaita mpaka inakatika na kosa 678. Basi usihangaike na nywila: 678 maana yake hakuna aliyepokea. Ingekuwa jina au nywila ungeona 691.

Anza na waya. Mimi nilipoteza siku mbili, kumbe fundi alichomeka laini ya simu kwenye tundu la modemu la PHONE badala ya LINE.

Halafu, kwenye seva, simamisha huduma ya RemoteAccess (ndiyo inayopokea simu za modemu), maana inaishikilia COM1, yaani mlango ambao modemu imeunganishwa. Fungua HyperTerminal, programu ya kuongea na modemu moja kwa moja, andika AT (amri ya kuiita modemu). Modemu ijibu OK. Sasa piga namba ya laini hiyo kwa simu ya mkononi. Neno RING likitokea kwenye skrini, andika ATA, amri ya kupokea. Ikianza kupiga kelele zake zile, modemu na laini ni vizima. Shida iko kwenye Windows. Washa huduma tena, ingia Routing and Remote Access (dirisha la mipangilio ya huduma hiyo), kwenye Ports, uone kama modemu imewekewa alama ya kupokea simu. Wengi tunasahau hapo. Taa ya AA (modemu kujipokelea yenyewe) isipowaka usishtuke, Windows yenyewe ndiyo inayosubiri RING.

Na ile kasi ya 56K (kilobiti 56 kwa sekunde) sahau: modemu ya laini ya kawaida (analogi) ikipigia nyingine ya analogi, mwisho ni 33.6.