Binti anaripoti kidato cha tano bweni: kipi hakimo kwenye orodha ya shule?

Dada, orodha yenyewe ifuate ilivyo, hasa rangi ya shuka na saizi ya godoro (mara nyingi futi 2½ kwa 6). Yasiyoandikwa ni haya.

Tranka: kabla ya kununua kufuli la bei, angalia komeo. Mengi yameshikwa kwa ripiti nyembamba, yanang'oka kwa bisibisi hata kufuli likiwa zima. Mpelekee fundi achomelee. Ufunguo wa akiba akae nao matroni, maana wa kwanza utapotea tu.

Ndoo mbili, ya lita 20 ya kuhifadhi maji na ya lita 10 ya kuogea. Jina liandikwe kwa rangi ya mafuta ubavuni, si kwenye mfuniko, mifuniko huhamahama. Maka peni haidumu na sabuni.

Nguo za ndani zisipungue nane, jina lishonwe kwa uzi kwenye mpira wa kiunoni. Azianike juani siku ambayo yupo karibu. Wengi huogopa wizi wakaanika kwenye vyuma vya kitanda: hazikauki vizuri, na unyevu huo ndio unaokaribisha fangasi.

Pedi: pakiti mbili kwa mwezi, zidisha kwa miezi ya muhula, ongeza mbili za kuwaazima wenzake. Asipoziweka, ataombwa zilezile zake.

Kandambili jozi mbili. Moja itaondoka na mtu bafuni.