Mlio mkali kwenye majaribio ya kelele za mkondo wa hewa unaotoka kwa kasi

Ndugu, nimeelewa kwamba bomba lako lenye kipenyo cha milimita 10 linatoa mlio mmoja mkali kila hewa inapoupita mwendo wa sauti, na kwamba vipimo havifuati kanuni ya mwaka 1952 ya Lighthill, mwanahisabati Mwingereza, ambayo kwayo kasi ya hewa ikiongezeka maradufu kelele hupanda kwa takriban desibeli 24.

Kifaa chako huenda ni kizima. Shinikizo la ndani likiwa zaidi ya mara 1.89 ya lile la nje, bomba lisilopanuka mdomoni hutoa hewa yenye mawimbi ya mshtuko (mahali ambapo shinikizo hubadilika ghafla). Mikunjo ya hewa (mizunguko midogo ndani ya mkondo) inapoyapita huzaa sauti inayorudi mdomoni na kuchochea mikunjo mingine, na mzunguko huo ndio mlio wako. Kanuni ile inahusu msukosuko wa hewa peke yake, kwa hiyo ilinganishe na vipimo vya chini ya mwendo wa sauti.

Bandika kijibati kidogo kwenye ukingo wa mdomo. Mlio ukififia, chanzo ni hicho. Funika kwa sponji vyuma vyote vilivyo karibu, maana huakisi sauti (mimi nilipoteza wiki nzima kwa sababu ya stendi moja). Kwa kasi ya mita 400 kwa sekunde kilele cha kelele za msukosuko kitakuwa karibu na kilohezi 8, hivyo maikrofoni iweze kupima masafa ya juu zaidi ya hapo.

Vaa vizibo na vifuniko vya masikio pamoja, na tangi la shinikizo likaguliwe na fundi aliyeidhinishwa kabla ya jaribio lingine.