Nahodha wa maharamia hakuwa mfalme

Unauliza kama nahodha wa maharamia aliishi kama mfalme melini, hapana bana, jamaa alikuwa anapigiwa kura na akizingua wanamtoa. Amri yake ilikuwa na nguvu kamili wakati wa kupigana au kukimbiza meli tu. Cheki Bartholomew Roberts, alitekwa na maharamia 1719 akiwa baharia kwenye meli ya watumwa, wiki chache tu wakamchagua yeye awe nahodha wao!! Mgao wake wa nyara mafungu mawili, baharia wa kawaida moja, saa mbili usiku mishumaa inazimwa, anayetaka kuendelea kunywa akanywee juu ya sitaha gizani. Mwenyewe eti alikuwa mtu wa chai 😂 Februari 1722 mzinga wa Waingereza ukampata shingoni huko pwani ya Gabon, wenzake wakamtosa baharini na nguo zake za kifahari, ndivyo alivyotaka