Maswali ya Wasomaji: Ukihamia Mombasa, Utayavuka Maji Mangapi?

SWALI: Shikamoo mzee wa safu hii. Mume wangu amepata kazi katika bandari ya Kilindini, na mwezi ujao tutahama Morogoro pamoja na watoto wetu wawili kuja Mombasa, mji ambao nimewahi kuupita mara moja tu nikiwa ndani ya basi. Dalali ametutumia picha za nyumba iliyoko Bombolulu, nzuri kwa macho na kodi yake si kubwa, lakini jirani yetu aliyewahi kuishi huko ametuonya tusitoe hata shilingi kabla ya kuwauliza wenyeji. Naomba utueleze maoni yako mwenyewe: tukae upande gani, na maisha ya mtaani yakoje kwa mtu anayenunua mahitaji ya nyumbani kila siku? – Mama wa watoto wawili, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Mshukuru jirani yako, kwa kuwa amekupa ushauri ambao dalali hatakupa. Sina neno baya juu ya Bombolulu, na nina jamaa zangu wanaoishi huko kwa raha, ila mtaa huo uko bara, upande wa kaskazini, na Kilindini iko upande wa magharibi wa kisiwa, kwa hiyo mumeo atalivuka daraja la Nyali kila asubuhi pamoja na watu wote wa Kisauni, Bamburi na Mtwapa wanaofanya kazi mjini. Daraja hilo lilifunguliwa mwaka 1980 kuchukua mahali pa lile la zamani lililokuwa likielea juu ya maji, na tangu hapo nyumba za upande ule zimeongezeka mno, ndiyo maana magari huanza kusongamana tangu Kongowea. Ukienda kusini, Likoni, utakutana na feri, ambayo mtembea kwa miguu halipi nauli lakini hulipa kwa saa zake anazosimama kuisubiri. Kwa hiyo kabla ya kuuliza nyumba ina vyumba vingapi, uliza utayavuka maji mangapi kwenda kazini. Ningekuwa mimi, ningetafuta huku kisiwani, Tudor, Majengo au Ganjoni, na kodi ikinishinda ningekwenda Changamwe au Mikindani, ambako mtu huenda bandarini bila kuliona daraja la Nyali wala kivuko.

Maji ya kunywa nayo yana habari yake. Mji huu umezungukwa na bahari, na maji matamu unayategemea kutoka mbali: chemchemi za Mzima katika mbuga ya Tsavo, visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, chemchemi za Marere na visima vya Tiwi. Kinachofika hakitoshi, kwa hiyo bomba hutoa maji kwa zamu, na visima vingi vya mitaani vina chumvi inayofaa kupigia deki na kuoshea vyombo tu. Ukienda kuiangalia nyumba, usiridhike na mwenyewe kufungua mfereji mbele yako, kwa sababu huenda umefika siku ya zamu. Muulize mwenye mkokoteni wa maji anayepita na mitungi yake ya lita 20 huwa anauza nyumba zipi na mara ngapi kwa wiki. Yeye anajua hali ya bomba la mtaa ule kuliko mwenye nyumba, na hana sababu ya kukudanganya, ingawa ukweli wake haumletei riziki.

Umeniuliza juu ya ununuzi wa kila siku, na hapa ndipo nina mengi ya kusema, kwani kwa maoni yangu mtaa wa Mombasa huujui mpaka uupite mara mbili kwa miguu: baada ya alfajiri, na tena baada ya magharibi. Asubuhi mtafute mama wa mahamri. Utamkuta amekaa kwenye kigoda nyuma ya karai, unga umeumuka tangu usiku, anayageuza mahamri kwa mwiko wa matundu mpaka yanavimba, na pembeni ana sufuria ya mbaazi za nazi iliyofunikwa kwa sinia. Watoto wametumwa na bakuli, kila mmoja na hesabu ya nyumbani kwao, naye anaijua hesabu hiyo kabla mtoto hajasema. Siku mtoto wa nyumba fulani asipoonekana, mama yule ndiye wa kwanza kuuliza kuna nini. Mtaa usio na mtu wa namna hiyo mimi siwezi kukaa, hata kama nyumba zake zina lifti. Jioni kadhalika, tazama kama kuna viazi karai, mishkaki na muuza kahawa mwenye dele lake juu ya makaa anayegonganisha vikombe, kwa maana palipo na hao pana taa na watu, na mtoto uliyemtuma dukani atarudi bila wewe kusimama mlangoni.

Duka la mtaani litakuuzia mafuta ya kupimiwa na sukari ya robo kilo, na ukishazoeleka utaandikwa kwenye daftari. Nakusihi lipa daftari hilo mwisho wa mwezi kabla ya deni lolote jingine. Hayo maduka makubwa yenye viyoyozi usiyategemee peke yake. Tuliziona Nakumatt na Tuskys zikijaza rafu hapa petu, kisha rafu zikawa tupu na milango ikafungwa, na muda wote huo duka la pembeni mwa njia halikufungwa ila saa za sala.

Mboga za jumla ziko Kongowea, na huko usishangae kukuta vitunguu na machungwa yaliyotoka kwenu Tanzania. Nenda mapema, uvae viatu usivyovionea uchungu, maana mvua ikinyesha njia za soko hilo huwa tope tupu, na hilo ni jambo ambalo sijapata kulielewa kwa soko kubwa kiasi hicho. Viungo nunua Marikiti, jengo la mwaka 1914 lililo ukingoni mwa Mji wa Kale: onja, nusa, na usione haya kuondoka. Samaki ana majira yake. Wakati wa kaskazi bahari hutulia na changu, tafi na nguru huwa wengi. Kusi ikishika, wavuvi wa ngalawa hukaa pwani na bei hupanda, kwa hiyo usimgombeze muuzaji kwa jambo lililoletwa na upepo. Na hizo kanga, ambazo sisi twaziita leso, zina barabara yake, Biashara, ambako lipo duka lililoanzishwa mwaka 1887 ambalo leso zake zina maandishi ya “Mali ya Abdulla”. Soma jina la leso kabla ya kulipa, hasa ukiwa unampelekea mama mkwe.

SWALI: Mimi ni mzaliwa wa Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale. Nyumba inayopakana na yetu imekodishwa, na chini pamefunguliwa mkahawa wa wageni. Sina chuki na biashara ya mtu, lakini baraza ya nje, ambayo wazee wetu wamekaa tangu tukiwa watoto, sasa imepangwa mito na meza, na mzee akikaa huulizwa anaagiza nini. Muziki nao huenda mpaka saa sita usiku. Je, tuna haki gani? – Mkazi wa Kibokoni, Mombasa

JIBU: Ndugu yangu, hilo swali la “unaagiza nini” limeniuma kana kwamba nimeulizwa mimi. Kisheria baraza iliyojengwa pamoja na nyumba ni ya mwenye nyumba, na kwa upande huo huna kesi kubwa. Lakini kwa desturi ya Mji wa Kale, baraza hujengwa ili mpita njia apate pa kukaa bila kubisha hodi, na mwenye mkahawa, ambaye bila shaka huwasimulia wageni wake juu ya desturi zetu, hapaswi kuiuza hiyo moja. Waulize pia kama wamebadilisha mlango, kizingiti au sura ya mbele ya nyumba, kwa sababu Mji wa Kale ni eneo la uhifadhi tangu mwaka 1990 na mabadiliko ya namna hiyo yanahitaji kibali.

Kuhusu muziki mna nguvu zaidi. Kanuni za kelele za Kenya za mwaka 2009 huanza kuhesabu usiku tangu saa mbili, na viwango vya sauti katika makazi hushuka kuanzia hapo. Hata hivyo msianze na barua. Nendeni watu watatu baada ya sala ya alasiri, mmoja wenu awe mzee aliyeulizwa lile swali, mumtake mwenye mkahawa hasa badala ya kijana wa zamu, mkae hapo hapo barazani, na muombe mambo mawili: muziki uzimwe saa nne, na upande mmoja wa baraza ubaki bila meza. Akikubali, mwambieni mwenye nyumba ayaandike kwenye mkataba wa kodi, kwa kuwa mpangaji huondoka na ahadi zake. Akikataa, andikeni tarehe na saa za kelele kwa muda wa wiki mbili, kisha mpelekeeni chifu na ofisi ya mazingira ya kaunti karatasi hiyo ikiwa na sahihi za nyumba zote za kichochoro, ikiwemo ya mwenye nyumba akiwa tayari.