Jani Kwanza, Mashine Baadaye: Kwa Wanaoanza Kuchambua Mwarobaini

Ninyi mnaoingia maabara kwa mara ya kwanza kuchambua majani ya mwarobaini kwa kromatografia, yaani njia ya kutenganisha viambato vilivyochanganyika, nawasihi mlijali jani kabla ya mashine, kwa kuwa mashine huchora chochote kilichomo chupani, kiwe mwarobaini au kisiwe. Mwaka wangu wa kwanza nilipokea majani yaliyokwisha kukaushwa na kutwangwa, nikayafanyia kazi wiki 3, ndipo ikabainika kwamba yalichanganyika na ya Melia azedarach, mti wa familia hiyo hiyo. Yakiwa mabichi hutofautishwa kwa macho: jani la mwarobaini limegawanyika mara moja tu, vijani vikijipanga kulia na kushoto mwa kikonyo, ilhali la Melia hugawanyika mara mbili au zaidi. Yakishakuwa unga, macho hayasaidii kitu. Tangu hapo nachuma mwenyewe, nahifadhi tawi moja kwa ajili ya herbaria (mkusanyo wa mimea iliyokaushwa ya kulinganishia), na naanika kivulini, kwani jua kali huharibu baadhi ya viambato.

Anzeni na bamba la silika, yaani bamba lililopakwa unga wa silika ambalo kiyeyushi hulipanda kikibeba viambato; ni rahisi na hufundisha mengi. Mstari wa kuanzia uchorwe kwa penseli, maana wino hupanda pamoja na kiyeyushi na kuacha rangi zake njiani. Madoa yawe madogo, tena yawe juu ya usawa wa kiyeyushi, la sivyo sampuli itayeyukia chini badala ya kupanda. Chini ya mwanga wa urujuanimno wa nanomita 366, klorofili hung'aa nyekundu kama kaa la moto, na kila mgeni huikodolea macho. Lakini klorofili imo katika kila jani la kijani, hivyo haithibitishi chochote kuhusu dawa. Chunguzeni madoa hafifu yaliyo kando yake.

Msiandike kamwe kwamba mmepata kwasetini, mojawapo ya viambato vya jani la mwarobaini, kwa sababu tu doa limefika kimo kilekile kilichotajwa kitabuni, kwa kuwa viambato viwili tofauti vinaweza kupanda sawasawa, na kimo chenyewe hubadilika kwa unyevu wa hewa na uwiano wa viyeyushi. Wekeni kwasetini safi kwenye bamba lilelile, sambamba na sampuli yenu. Mkihamia HPLC, yaani kromatografia ya mashine inayosukuma kiyeyushi kwa shinikizo kubwa, ondoeni mafuta na sehemu ya klorofili kwa heksani, kisha chujeni kwa kichujio cha mikromita 0.45, kwa sababu uchafu wa jani hung'ang'ania ndani ya safu (bomba la mashine linalotenganisha viambato) na kuvuruga sampuli za wenzenu watakaofuata.