Wateja ninao, kampuni sina

SWALI: Nahariri makala za watafiti peke yangu. Kazi imenizidi, na sasa wateja wananiomba muhtasari kwa umma, mabango ya mikutano, hata video. Niajiri watu nifungue kampuni? – Mhariri Aliyeelemewa

JIBU: Ndugu yangu, ofisi na nembo vingoje. Anza na hicho wanachokuomba. Mimi ningeshika muhtasari kwa umma: Umoja wa Ulaya, kwa kanuni namba 536 ya 2014, unataka matokeo ya majaribio ya dawa kwa binadamu yaambatane na muhtasari unaoeleweka na asiye mtaalamu. Hiyo ni kazi ya lazima, haingoji mteja apende.

Video mpe anayezijua, kwa mkataba wa kazi hiyo tu. (Wahariri wanaojifunza kukata video usiku wa manane nawaonea huruma.)

Mtu wa kwanza kumwajiri awe mhariri wa pili, si meneja. Mwandikie mwongozo wako: vipimo, vifupisho, namna ya kumwuliza mwandishi bila kumkera. Ipitie kazi yake mpaka ukose la kusahihisha. Kuhariri endelea kutoza kwa neno. Muhtasari toza kwa mradi, maana nusu ya kazi ni kuzungumza na mtafiti.

Halafu, kwenye makala za tiba, msaada wako utajwe katika shukrani. Ndivyo inavyoelekeza ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba. Mteja akitaka ufichwe, mkatalie.