Shusha kamera hadi usawa wa kuli

Picha za kwanza nilizopeleka kwenye jarida la reli za mfano, yaani reli ndogo za kujenga nyumbani, zilikuwa 11, na zote 11 zilikataliwa. Mhariri aliandika kwa upole kwamba kazi ya mikono imemvutia, ila picha hazichapiki. Iliniuma sana. Miaka mitatu nilikuwa nimeijenga Bandari ya Mwanza Kusini juu ya ubao wa sentimita 180 kwa 60: gati, reli zinazoingia moja kwa moja kwenye meli ya mabehewa, miamba nyuma yake, na kuli mmoja amesimama ameshika kiuno. Kila kitu kimo katika uwiano wa 1:87, yaani kimepunguzwa mara 87. Reli yetu ya zamani, iliyofika Mwanza mwaka 1928 ikitokea Tabora, ina upana wa mita moja, kwa hiyo kwangu inakuwa milimita 11 na nusu hivi. Nikatumia njia ya milimita 12, ile inayouzwa tayari.

Aliyenifumbua macho ni mzee jirani yangu hapa Mkuyuni, mstaafu wa reli aliyekuwa akipanga mabehewa. Nilimwamkia, nikampa simu, akazitazama picha moja moja bila haraka. Kisha akauliza, “Mwanangu, hapa ulikuwa umepanda juu ya nini?” Sikumwelewa. Akaendelea, “Miaka yangu yote kazini sikuwahi kuyaona mabehewa kwa juu namna hii. Nilikuwa naona magurudumu, naona ubavu, halafu mbingu.”

Hapo ndipo penye kosa la wengi wetu. Tunaujenga mfano tukiwa tumesimama, tunaupenda tukiwa tumesimama, na tunaupiga picha vivyo hivyo. Lakini mtu wa mita 1.7 katika uwiano wangu ana urefu wa sentimita 2 tu. Kwa hiyo lenzi nayo ishuke hadi sentimita 2 kutoka ardhini, iwe pale pale macho ya kuli yalipo. Kamera kubwa haifiki huko kwa urahisi; ilinibidi nikate kipande cha ukingo wa ubao ili ipate kukaa chini ya usawa wa gati. Simu ni rahisi zaidi: igeuze kichwa chini, na lenzi itakaribia kugusa kokoto. Msiidharau simu. Kihisi chake, ile sehemu inayopokea mwanga, ni kidogo, na kwa sababu hiyo hukamata vitu vya karibu na vya mbali kwa ukali kuliko kamera kubwa.

Huo ukali ndio mtihani wa pili. Lenzi ikiwa sentimita 10 kutoka kwenye behewa, kwa kuli huo ni umbali wa mita 8.7. Mpiga picha wa kweli akisimama mita 8.7 kutoka kwenye behewa la kweli, anaweza kulipata behewa, gati na vilima vya ng'ambo vyote vikiwa vikali. Wewe kwa sentimita 10 unapata ubavu wa behewa peke yake, na kila kitu mbele na nyuma yake ni ukungu. Jicho la msomaji linaujua ukungu huo hata kama hawezi kuueleza, na linamwambia hiki ni kitu kidogo cha mezani. Kulifinya tundu la lenzi hadi f/16 au f/22 (namba ikikua, tundu linapungua) kunasaidia, ila tundu likiwa dogo mno mwanga hutawanyika na picha nzima inapoteza ukali. Mimi hubaki f/8 na kupiga picha 15 hadi 20 za mandhari ile ile. Kamera iko kwenye stendi, fokasi naisogeza kwa mkono kidogo kidogo kutoka kokoto za mbele hadi miamba ya nyuma, na mipangilio mingine siigusi kabisa. Baadaye programu kama Helicon Focus au Zerene Stacker huchukua sehemu kali ya kila picha na kuziunganisha. Tumia kipima muda cha sekunde 2 ili kidole chako kisiitikise kamera. Lori likipita barabarani, subiri mtikisiko uishe, maana picha moja iliyosogea huharibu mfululizo wote.

Mwanga nao una mambo yake. Jua ni moja, kwa hiyo kivuli kiwe kimoja. Picha zangu za mwanzo zilikuwa na taa tatu, na kuli wangu alikuwa na vivuli vitatu miguuni. Sasa nina taa moja ya LED yenye nguvu, nayo naiweka mbali, mita 2 au zaidi, kwa sababu taa ikiwa karibu vivuli hutanuka kama vidole, ilhali vivuli vya jua hulala sambamba. Upande wa pili nasimamisha karatasi nyeupe ya manila irudishe mwanga kidogo. Balbu ya darini naizima na pazia nalifunga. Mwanga wa njano ukichanganyika na mwanga wa dirishani, hakuna marekebisho ya rangi yatakayokuokoa.

Na taa iwekwe kulingana na jua la hapa kwetu. Mwanza iko karibu nyuzi 2 na nusu kusini mwa ikweta. Saa sita mchana mwezi wa tisa jua liko karibu na utosi, na kivuli cha behewa kinajificha chini ya behewa lenyewe. Mwezi wa sita jua la mchana limeegemea kaskazini, Desemba kusini. Mimi napenda saa kumi na moja jioni, jua likiwa upande wa ziwa na ubavu wa miamba umekuwa rangi ya mkate uliookwa. Kabla ya kuwasha taa yoyote nenda mahali penyewe ukae saa nzima ukitazama. Ukitaka kupiga picha ndani ya bandari au stesheni, omba ruhusa kwanza.

Picha ya nyuma, ile ya ziwa na vilima, ilinisumbua kuliko yote. Niliipiga nikiwa juu ya kilima cha Capri Point, nikaichapisha kubwa, nikaisimamisha nyuma ya gati. Haikukaa. Maji yalionekana kama ukuta uliosimama. Nilipoteza wiki nzima nikibadilisha rangi kabla sijagundua sababu. Ukisimama ufukweni karibu na Mwamba wa Bismarck ukatazama ziwa lililo wazi, mstari wa upeo uko usawa wa macho yako. Ukipanda kilimani, mstari huo unapanda nawe. Picha iliyopigwa kutoka kilimani haiwezi kukaa nyuma ya mandhari inayotazamwa kutoka chini. Nikashuka, nikapiga upya nikiwa usawa wa maji, nikaipachika ili ukingo wa maji ya ng'ambo uwe usawa wa lenzi. Ikakubali mara moja.

Usafi sitausemea sana. Punje ya milimita 1 inakuwa donge la karibu sentimita 9, kwa hiyo brashi laini na pampu ya hewa visikae mbali. Ila sisi wa ziwani tuna adui wa ziada, wale wadudu wanaopanda kutoka majini kama moshi na kufuata taa. Mdudu wa milimita 5 akitua gatini ni ndege wa zaidi ya sentimita 40. Fungeni madirisha kabla ya kuwasha taa.

Mkishafika kwenye kutuma, ukurasa mzima wa A4 unahitaji takriban pikseli 2480 kwa 3508. Msitume kama picha ya WhatsApp, itabanwa. Tumeni faili lenyewe. Wekeni na picha mbili tatu za wima zenye mbingu ya kutosha juu, kwa sababu jalada linahitaji nafasi ya jina la jarida. Safari ya pili nilituma 6, zikachukuliwa 4.

Faili asili nazihifadhi mahali pawili, nyumbani na kwa binti yangu Nyegezi. John Allen wa Monterey, California, mjenzi wa reli za mfano ambaye pia alikuwa mpiga picha wa kazi, alifariki Januari 1973, na siku chache baadaye moto ukateketeza sehemu kubwa ya reli yake ya mfano, Gorre & Daphetid. Tunaoitazama leo tunaitazama kwenye picha alizopiga yeye.